Brashi ya Hewa Imeziba? Soma Dalili Kabla ya Kushika Spana

Brashi ya hewa, kile kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, ikigoma katikati ya kazi, mkono hukimbilia kufungua. Sindano inachomolewa, nozeli inafunguliwa, na punde meza imejaa vipande vidogo huku rangi iliyobaki kwenye kikombe ikianza kuganda. Subiri kwanza. Brashi nyingi haziharibiwi na kuziba, huharibiwa na kuzibuliwa. Nozeli hukatika shingo kwa kukazwa kwa nguvu, ncha ya sindano hupinda kwa kugonga ukingo wa kikombe, tundu hupanuliwa na kipande cha waya kilichookotwa mezani. Na mara nyingi hata hakuna kilichokwama ndani: shida ni rangi nzito, au tone lililokauka nchani, au hewa inayovujia mahali isikotakiwa.

Kwa hiyo tunaanza na hatua nyepesi, na kufungua kila kitu kunakuja mwishoni, pale inapobidi. Shida ikiisha kwenye hatua ya tatu, usiende ya nne.

Ninazungumzia brashi ambayo wapaka rangi wengi wa modeli (vinyago vidogo vya plastiki) wanayo: kikombe juu, kifyatulio kimoja chenye kazi mbili. Ukikibonyeza chini hewa inatoka, ukikivuta nyuma rangi inafuata. Kama yako ni ile ya chupa inayoning'inia chini, karibu yote ni yale yale.

## Rangi inapita wapi

Rangi hushuka kutoka kwenye kikombe kwa uzito wake, ikaingia kwenye mfereji mwembamba ambao sindano imepita katikati yake, kisha ikafika kwenye nozeli. Nozeli ni koni ndogo ya chuma yenye tundu la milimita 0.2 hadi 0.5 hivi, kutegemea brashi. Sindano ndiyo mlango wake: ikikaa mbele kabisa tundu linafungwa, ikirudi nyuma nafasi inapatikana. Hewa haipiti ndani ya nozeli. Inazunguka nje yake, kati ya nozeli na kofia ya hewa, na inapochomoka kwa kasi pale mbele huivuta rangi na kuisaga kuwa ukungu.

Ukishalielewa hilo, dalili nyingi zinajieleza. Sehemu nyembamba kuliko zote ni milimita chache za mwisho, na humo ndimo takataka hukwama. Halafu, hewa na rangi zina njia mbili tofauti ambazo hazitakiwi kukutana mpaka nje ya ncha. Zikikutana kabla ya hapo utaona mapovu kwenye kikombe, hata kama njia ya rangi ni safi kabisa.

## Hatua ya 1: Soma dalili

Bonyeza hewa bila kuvuta nyuma. Kisha vuta kidogo kidogo. Tazama kinachotokea kwenye karatasi na kwenye kikombe pia.

Hewa inatoka vizuri, rangi hakuna. Hapa huenda kweli nozeli imeziba. Lakini kabla hujahukumu, fungua mkia wa brashi na utazame nyuma ya sindano unapovuta kifyatulio. Sindano inatakiwa irudi pamoja nacho. Kama kifyatulio kinarudi na sindano imetulia, nati ya kubania sindano imelegea, basi. Ikaze kwa vidole huku sindano ikiwa imesukumwa mbele taratibu. Angalia pia mfuniko wa kikombe: una kitundu kidogo cha kuingizia hewa, na rangi ikikauka juu yake kikombe kinakosa pumzi, rangi inakataa kushuka. Brashi za chupa nazo zina kitundu hicho kwenye kifuniko cha chupa. Ondoa mfuniko ujaribu tena.

Rangi inakatika-katika, au inatema matone. Mara nyingi ni rangi nzito, presha ndogo, au ncha iliyokauka. Nenda hatua ya 2 na ya 3.

Mapovu kwenye kikombe. Hewa imepata njia ya kuingia kwenye rangi. Sababu nyepesi ni kofia ya hewa iliyolegea, na unaimaliza kwa kuikaza kwa vidole. Sababu ya pili ni rangi iliyokauka mbele ya kofia: hewa ikikosa pa kutokea inarudi nyuma kupitia nozeli. Ya tatu ni nozeli isiyokaa sawasawa kwenye kiti chake, kwa sababu haijakazwa au kuna punje ya rangi chini yake. Ya nne ndiyo inayoumiza mfuko: nozeli imepasuka. Zifuate kwa mpangilio huo huo. Watu wengi hurukia ya nne na kununua kipuri wasichokihitaji.

Rangi inatoka hata usipovuta nyuma. Sindano haifungi tundu. Ama haijasukumwa mpaka mwisho, ama kuna ukoko ndani ya nozeli unaoizuia isifike, ama nozeli imechakaa na tundu limetanuka.

Mnyunyizo unaenda upande mmoja. Legeza nati ya nyuma, izungushe sindano nusu mzunguko bila kuitoa, kaza tena, puliza. Kama mwelekeo umebadilika pamoja na sindano, ncha imepinda. Kama haujabadilika, tatizo liko kwenye nozeli au kofia ya hewa. Ni jaribio la sekunde chache na linakuepusha na kubahatisha.

Kifyatulio ni kizito au hakirudi. Hilo si la mbele. Rangi imepenya oringi ya sindano, yaani pete ndogo ya kuzuia uvujaji, na kugandia nyuma. Itabidi utoe sindano na kusafisha sehemu hiyo.

## Hatua ya 2: Toa rangi, puliza maji

Hii ndiyo hatua ambayo ningemwomba kila mtu asiiruke. Mimina rangi iliyobaki kwenye chombo kingine, futa kikombe, weka maji safi au tina (kimiminika cha kupunguza uzito wa rangi) inayolingana na rangi yako, kisha puliza kwenye karatasi.

Kama maji yanatoka kwa ukungu laini usiokatika, brashi yako haijaziba. Rangi ndiyo mbaya. Hakuna haja ya kufungua chochote. Rudi ukaichanganye upya, na nimeeleza jinsi ya kufanya hivyo hapo chini. Kama hata maji yanatoka kwa shida, basi sasa una haki ya kuendelea.

Presha iache kati ya psi 15 na 20, yaani bar 1 hadi 1.4, na uisome huku hewa ikitoka, maana kipimo hushuka mara unapobonyeza kifyatulio. Na kama kompresa yako ina mtego wa maji, utazame. Ukijaa, maji husafiri kwenye bomba la hewa na kutokea mbele kama matone, na mtu huhangaika kusafisha nozeli isiyo na kosa.

## Hatua ya 3: Safisha ncha

Rangi za akriliki hukauka haraka, na hewa inayopita nchani inazikausha haraka zaidi. Itazame ncha kwa kioo cha kukuzia baada ya dakika kadhaa za kupuliza mistari myembamba: utaona kola ndogo ya rangi imeizunguka sindano, laini kwa nje, ngumu kwa ndani, kubwa kuliko tundu lenyewe. Kila rangi inayotoka inagonga kola hiyo. Ndipo mistari inapoanza kunenepa, kisha kukatika, kisha unavuta kifyatulio zaidi ili upate rangi, kola inabanduka ghafla, na tone linaruka moja kwa moja kwenye uso wa askari uliyekuwa ukimpaka.

Dawa yake: fungua kofia ya mbele inayolinda sindano, kama inafunguka kwa vidole. Chovya brashi laini ya kawaida, ya zamani, kwenye kisafishio, na uipitishe nchani kwa kuzungusha huku ukivuta kuelekea nje. Usisukume kuelekea ndani. Kisha elekeza brashi ya hewa kwenye karatasi na uvute kifyatulio mpaka nyuma kwa sekunde moja. Waliozoea kazi hufanya hivi kila baada ya dakika chache bila hata kufikiri, na kijiti cha pamba chenye unyevu hakikosekani karibu na mkono wao.

Huwezi kuzuia kabisa ncha isikauke. Unaweza kuipunguza kasi kwa tone moja au mawili ya dawa ya kuchelewesha kukauka, au ile ya kurahisisha mtiririko, ndani ya mchanganyiko. Ukizidisha, rangi inakaa mbichi kwenye modeli na vidole vinaibeba.

## Hatua ya 4: Rudisha mapovu

Kama ncha ni safi na bado rangi inasita, weka matone machache ya kisafishio kwenye kikombe. Usijaze, la sivyo yatakurukia usoni. Punguza presha. Funga tundu la mbele kwa kitambaa kilichokunjwa au pamba, bonyeza hewa, kisha vuta nyuma kidogo. Hewa ikikosa njia itarudi kupitia nozeli na kuchemsha kisafishio kwenye kikombe. Ukoko ulioshikilia ndani hubanduka na kuelea. Mwaga, weka kipya, rudia mpaka kisibadilike rangi.

Kama kofia yako ya mbele ina meno, angalia usiikandamize kwa kidole kitupu: sindano iko karibu kuliko unavyodhani, na ina ncha ya kutoboa ngozi. Wala usiendelee na mapovu kwa dakika nzima nzima. Ukirudia mara kadhaa bila mabadiliko, kilichoko ndani kimeshagandamana na chuma na mapovu hayatakitoa.

## Hatua ya 5: Toa sindano

Kikombe kiwe kitupu na kimesuuzwa. Hili lina sababu: ukichomoa sindano yenye rangi, unaivuta rangi hiyo kupitia oringi ya ndani na kuiacha kwenye kifyatulio, na wiki ijayo utakuwa na tatizo jipya.

1. Zima hewa.
2. Fungua mkia, legeza nati ya sindano.
3. Vuta sindano nyuma kwa mstari ulionyooka. Usiipinde pembeni inapomalizikia kutoka.
4. Ilaze kwenye kitambaa kilicholowa kisafishio, kunja kitambaa juu yake, na uvute kuelekea kwenye ncha huku ukizungusha. Mwelekeo ni huo mmoja tu.

Sasa ikague. Pitisha ncha polepole mgongoni mwa ukucha, kwa uzito wake wenyewe. Ikiteleza, ni nzima. Ikikwaruza upande mmoja, imepinda ndoano. Ndoano ndogo hunyooshwa: laza sehemu ya koni bapa juu ya kioo au chuma laini, kwa pembe ile ile ya mteremko wake, na uivute nyuma huku ukiizungusha chini ya kidole. Malizia kwa msasa wa namba 2000 au laini zaidi, uliolowa, ukivuta kuelekea nchani. Itafaa kwa kupaka sehemu kubwa na praima, yaani rangi ya msingi. Kwa mistari ya unywele, usiitarajie sana.

Kabla ya kurudisha sindano, jaribu kitu kimoja. Lowesha ncha kwa kisafishio, irudishe taratibu mpaka iguse, izungushe kidogo, itoe, ifute. Kama kitambaa kinapata rangi, nozeli ina ukoko. Rudia mara mbili tatu. Mara nyingi kazi inaishia hapa na nozeli haiguswi.

## Hatua ya 6: Nozeli, kama kweli imefikia huko

Fanya kazi hii juu ya trei au kitambaa cheupe, mbali na sinki. Nozeli ndogo hutoshea juu ya ukucha wa kidole cha mwisho, na ikidondoka kwenye zulia ni bora uanze kuagiza nyingine.

Sindano iwe imetoka, au walau imerudishwa nyuma sana. Fungua kofia ya sindano, kisha kofia ya hewa. Baadhi ya brashi zina nozeli isiyo na nyuzi, inashikiliwa tu na kofia, na itadondoka yenyewe. Uwe tayari kuipokea. Zenye nyuzi hufunguliwa kwa spana yake ndogo iliyokuja na brashi. Tumia hiyo hiyo. Koleo itaiponda.

Loweka nozeli kwenye kisafishio kinachofaa kwa dakika kumi na tano hadi thelathini. Ukiwa unasubiri, safisha kofia kwa kijiti cha pamba na mfereji wa mwili kwa brashi nyembamba za kusafishia kati ya meno. Pitisha brashi hizo kutokea kwenye kikombe na kutokea mbele pia. Kuna kona moja, pale kikombe kinapokutana na mfereji, ambayo hukusanya rangi na haionekani kwa juu. Ukoko wa huko hubanduka vipande vipande na kuziba nozeli uliyotoka kuisafisha.

Kwa nozeli yenyewe, chonga kijiti cha kuchokolea meno kiwe chembamba, kiloweshe mpaka nyuzi za mti zilainike, kiingize kwa upande mpana na ukizungushe bila kusukuma. Kitatoka na pete ya rangi. Chonga kingine. Usitumie sindano ya kushonea, waya wa gitaa, wala biti ya kutobolea. Kuna vifaa vya chuma vya kuchokolea nozeli ambavyo huuzwa pamoja na brashi, na wanaovitumia kwa mkono mwepesi hawapati shida, lakini mimi ningeviweka mwisho kabisa. Mdomo wa nozeli ni mwembamba kiasi kwamba msukumo mdogo tu huupanua kama tarumbeta, na ukishapanuka haurudi.

Ikaushe, iinue kuelekea kwenye mwanga, na utazame kupitia upande mpana. Unatafuta duara kamili. Kama duara lina pembe au upande mmoja umejaa, bado kuna rangi. Kama kuna mstari mwembamba wa mwanga kutoka kwenye ukingo kwenda ndani, huo ni ufa.

Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti inafanya kazi nzuri kwa vipande vya chuma vilivyotenganishwa, ukitumia maji na sabuni yake. Usiweke humo tina wala asetoni. Mvuke wake unashika moto.

## Kisafishio kipi kwa rangi ipi

Hapa ndipo watu wanapojitengenezea donge wenyewe, kwa hiyo nitachukua nafasi kidogo.

Rangi za akriliki za maji, kama za Vallejo na Citadel, zikiwa mbichi husuuzwa na maji au kisafishio chake. Alkoholi ya isopropili si rafiki wa zote: baadhi yake hugeuka utelezi mzito mara zinapoigusa, na utelezi huo huziba kuliko rangi yenyewe. Jaribu kwanza kwenye kijisahani, tone kwa tone. Akriliki za Tamiya ni kitu kingine, zina kimiminika chenye alkoholi, na hukubaliana vizuri na alkoholi au tina yake ya X-20A. Rangi za enameli huhitaji tina yake ya mafuta, na za laka huhitaji tina ya laka. Maji hayazisaidii.

Akriliki ya maji ikishakauka hairudi kuwa rangi kwa kuongezewa maji. Imekuwa plastiki. Hapo ndipo tina ya laka au asetoni inapofaa, kwa vipande vya chuma tu na kwa muda mfupi. Lakini suuza rangi yote mbichi kwa maji kwanza, kisha kausha, ndipo ulete tina kali. Vikikutana vikiwa vibichi rangi inakatika na kuwa nyuzinyuzi. Toa oringi za mpira kabla, kwa sababu huvimba na kulegea. Zile nyeupe za tefloni huvumilia, ingawa hujui kila mtengenezaji ameweka ipi wapi, hivyo ni salama zaidi usiloweke mwili mzima wa brashi.

Visafishio vyenye amonia, pamoja na vile vya vioo vya madirisha, hung'oa akriliki vizuri. Vikiachwa usiku kucha hula shaba iliyo chini ya mng'ao wa kromu. Futa, suuza, maliza.

Praima za polyurethani zinahitaji onyo lake. Zikiwa mbichi ni za maji, zikikomaa ni ngumu kupita rangi ya kawaida. Usizipulize halafu ukaenda kula. Suuza brashi dakika ile ile unayomaliza.

Kazi hizi zote za tina zifanyike dirisha likiwa wazi, hakuna moto karibu, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke.

## Hatua ya 7: Rudisha vipande

Nozeli kwanza. Ikaze kwa vidole mpaka isimame, kisha spana iiguse tu, robo ya mzunguko au pungufu. Kama unasikia unatumia nguvu, umeshapita. Kofia ya hewa, kisha kofia ya sindano, zote kwa vidole.

Paka tone dogo la mafuta ya brashi ya hewa kwenye shina la sindano, mbali na ncha. Mafuta yenye silikoni yaepuke, yakifika kwenye modeli rangi inakimbia na kuacha vidoa mviringo. Ingiza sindano kutokea nyuma polepole, ukiongoza katikati ya kifyatulio, mpaka uhisi imegusa. Hapo simama. Kuisukuma zaidi ili "ifunge vizuri" ndiko kunakopasua nozeli. Kaza nati, rudisha mkia.

Weka maji, bonyeza hewa, tazama kikombe. Mapovu yakiwepo bado, paka tone la maji ya sabuni pale kichwa kinapoungana na mwili na mahali kofia inapokazwa. Povu litakuonyesha uvujaji uko wapi. Nta kidogo ya nyuki kwenye nyuzi hizo hufunga uvujaji mdogo, na huondoka ukitaka kuifungua. Isiingie kwenye njia ya hewa.

Halafu chora kwenye karatasi: nukta, kisha mstari, kisha mstari unaoanza mwembamba na kunenepa bila kuruka. Kama mstari unaanza kwa doa, sindano au nozeli bado ina kitu.

## Rangi yenyewe

Kama hatua ya 2 ilikuonyesha kwamba kosa ni la rangi, au kama unazibua kila wiki, angalia unavyochanganya.

Kila mahali utaambiwa rangi iwe nyepesi kama maziwa. Maziwa gani? Ya mtindi au yaliyotolewa mafuta? Kipimo bora ni ukuta wa kikombe chenyewe: pandisha rangi kidogo kwa brashi upande wa ndani, uiache ishuke. Inatakiwa iteremke mara moja na kuacha utando unaopitisha mwanga. Ikishuka kwa uvivu na kuacha ukuta mzito, ongeza tina. Ikikimbia na kuacha ukuta karibu mtupu, umezidisha, na itatengeneza miguu ya buibui, yaani vijimistari vya rangi vinavyotawanyika, kwenye plastiki. Rangi za chupa za kupaka kwa brashi ya mkono huanzia sehemu moja ya rangi kwa moja ya tina, na nyingine hudai zaidi. Zile zilizoandikwa kuwa tayari kwa brashi ya hewa nazo mara nyingi hutaka tone la tina, hasa kwa nozeli ya 0.2.

Changanya kwenye kijisahani kando. Ukilazimika kuchanganya ndani ya kikombe, tina itangulie na rangi ifuate. Rangi nzito ikitangulia inazama moja kwa moja kwenye mfereji na tina inabaki juu, na utapuliza rangi mbichi isiyochanganyika kwa sekunde za kwanza.

Futa mdomo wa chupa. Ukoko unaojikusanya kwenye uzi wa kifuniko hubomoka na kuingia kwenye kikombe kila unapofungua, na punje moja ya milimita 0.3 inatosha kukumalizia jioni. Chupa za zamani zichuje kwa wavu laini. Rangi za metali zina chembe kubwa na vanishi ni nzito, kwa hiyo zote mbili pamoja na praima zipeleke kwenye nozeli ya 0.4 au 0.5. Nozeli ya 0.2 iachie vivuli vya macho na mistari ya nguo.

Kati ya rangi moja na nyingine, mwaga, puliza maji au tina mpaka yatoke meupe, endelea. Huna haja ya kufungua chochote. Ukitoka mezani kwa zaidi ya dakika tano, acha matone machache ya tina kwenye kikombe.

## Kipuri kipya

Nozeli yenye ufa au mdomo uliopanuka haitengenezeki. Nunua inayolingana na toleo la brashi yako hasa, maana vipuri vya mtengenezaji mmoja kwa kawaida havikubali brashi ya mwingine, na hata ndani ya kampuni moja matoleo hutofautiana. Namba ya nozeli na ya sindano zilingane: 0.3 kwa 0.3. Ukiweka nozeli mpya kwa sindano ya zamani iliyopinda, sindano itakwaruza mdomo wake siku ya kwanza, kwa hiyo kama ile ya zamani ilifeli jaribio la ukucha, agiza zote mbili kwa pamoja. Zikifika, puliza kisafishio kabla ya rangi, kuondoa vumbi la kiwandani.